Ukuta Umekwisha, Nyumba Bado

Mahubiri juu ya Nehemia 2:11–18, 5:1–13, 7:4



Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme. Alikaa katika ngome ya Shushani, mbali sana na nchi ya baba zake, wala hakupungukiwa na kitu. Siku moja akaja nduguye Hanani pamoja na watu wengine kutoka Yuda, naye akawauliza habari za Yerusalemu. Wakamweleza ya kuwa waliobaki kule wanataabika na kudharauliwa. Ukuta wa mji ni magofu, na malango yamekuwa majivu. Aliposikia hayo alikaa chini, akalia. Lakini angalieni: hakulia siku moja akasahau. Tangu mwezi wa Kisleu hata mwezi wa Nisani, kadiri ya miezi minne, alidumu katika kuomba, mpaka alipopata nafasi ya kusema mbele ya mfalme Artashasta. Huruma yake haikukauka pamoja na machozi yake.

Na huruma yetu sisi je? Mara nyingi hufanana na umande: jua likipanda kidogo, hauonekani tena. Twasikia ya kuwa nchi fulani imepigwa na tufani. Jumapili ile sahani ya sadaka hujaa. Jumapili ya pili hupungua. Mwezi ukiisha, hata katika maombi hatuwataji tena watu wale. Nao ndipo kwanza wanaanza kuchimba misingi! Kwa hiyo leo na tumfuate Nehemia, tuone jinsi iwapasavyo Wakristo kuwasaidia waliobomolewa, tangu siku ya kilio hata siku ya kukaa tena nyumbani mwao kwa amani.

Mfano tutakaoutazama ni wa jirani zetu wa Msumbiji. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019 tufani iliyoitwa Idai iliingia nchi kavu karibu na Beira, mji wa bandari ulio mdomoni mwa mto Pungwe, mahali pa chini sana, karibu sawa na bahari. Tufani za namna hii huzaliwa juu ya maji ya bahari yenye joto, na joto lile ndilo chakula chake; kadiri bahari inavyozidi kupata joto, ndivyo zinavyozidi kupata nguvu na mvua. Idai iliezua mapaa ya mji, kisha ikapanda bara pamoja na mvua kuu. Mito ya Pungwe na Buzi ikafurika, hata mashamba na vijiji vikawa kama bahari. Watu wakakaa juu ya miti na juu ya mapaa wakingoja mashua. Kule Zimbabwe, katika milima ya Chimanimani, udongo na mawe yaliporomoka usiku yakafunika nyumba pamoja na watu waliokuwamo. Katika Msumbiji peke yake walikufa watu zaidi ya 600. Nyumba zaidi ya 200,000 zilibomoka au kuharibika. Na mashamba ya hekta zaidi ya 700,000 yalifunikwa na maji, mengi yakiwa na mahindi yaliyokaribia kuvunwa. Kisha, tarehe 25 Aprili mwaka ule ule, tufani nyingine, jina lake Kenneth, ilipita Visiwa vya Komoro ikapiga Cabo Delgado, si mbali na mpaka wa Tanzania.

Wako watu ambao wakisikia habari kama hizi huuliza mara moja: Je! watu wale walikosa nini? Swali hili Bwana Yesu amekwisha kulijibu. Alipotaja wale 18 walioangukiwa na mnara katika Siloamu, alikana kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu, akawageuzia wasikilizaji neno la kutubu (Luka 13:4–5). Basi mwenye kumhukumu aliyepigwa na tufani amechukua kiti kisicho chake. Sisi na tuulize swali lililo letu: Yatupasa kutenda nini?

Tena tukumbuke jinsi Luther atufundishavyo katika Katekisimo Ndogo, katika ombi la nne. Mkate wa kila siku si chakula tu. Ni pamoja na nyumba, na shamba, na mifugo, na serikali njema, na hali njema ya hewa, na majirani waaminifu. Mtu aliyenyang'anywa hivyo vyote kwa usiku mmoja, akipewa unga peke yake, amerudishiwa kipande kidogo tu cha mkate wake. Unga ni lazima, maana tumbo halingoji. Lakini asiseme mtu baada ya kutoa unga kwamba kazi imekwisha.

I. Nehemia alitazama kwanza

Nehemia alipofika Yerusalemu alikuwa na barua za mfalme, na askari, na ruhusa ya kupewa miti katika msitu uliolindwa na Asafu. Mwingine angalipiga baragumu siku ile ile na kuanza kuamuru. Yeye alikaa siku tatu. Kisha akaondoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta polepole, akaona penye ufa na penye shimo, hata mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita. Baada ya kuona ndipo aliposema. Na aliposema, hakuwaambia wenyeji habari za shida yao wao. Alijihesabu pamoja nao, akaiita shida yetu sisi sote.

Hapa tuna mafundisho mawili. La kwanza: haja ya watu waliopigwa hubadilika siku kwa siku, wala haijulikani na mtu akaaye mbali bila kuuliza. Katika siku za kwanza za Idai haja kubwa ilikuwa mashua na kamba. Baadaye kidogo ikawa maji safi. Maana tarehe 27 Machi kipindupindu kilithibitishwa katika Beira, na tangu tarehe 3 Aprili watu zaidi ya 800,000 walipewa chanjo kwa muda wa siku chache tu, na kwa kazi ile wengi waliponywa na mauti. Maji yalipokauka, haja ikawa mbegu na majembe, ili wakulima wapande mara ya pili kabla msimu haujapita. Ona basi: asiyeuliza atapeleka mashua wakati wa kupanda, na nguo kuukuu kwa mtu anayetaka jembe. Mzigo usiotakiwa huziba bandari, hutafuta ghala, hutafuta wachukuzi. Nao walioko katika taabu hulazimika kuuhudumia mzigo badala ya kuhudumiwa wao. Nia ya mtoaji ilikuwa njema, lakini upendo hauna ruhusa ya kuwa mvivu wa kuuliza.

La pili: tusiseme juu ya taabu ya wenzetu kama watazamao mchezo. Mtume Paulo afundisha ya kuwa kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia pamoja nacho (1 Wakorintho 12:26). Mwambao wetu nao umekwisha kuonja kikombe hiki: Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi. Aliye na paa leo hajui kesho atakuwa mgeni wa nani.

II. Kila mtu mbele ya nyumba yake

Sura ya tatu ya Nehemia watu wengi huiruka, kwa sababu ni majina tupu. Lakini ni sura tamu kwa mtu aliyewahi kujenga. Makuhani wanajenga, wafua dhahabu wanajenga, wafanya marashi, ambao mikono yao haikuzoea mawe, wanajenga. Shalumu anajenga pamoja na binti zake. Tena mara nyingi limeandikwa neno hili, kwamba fulani alijenga mahali palipoelekea nyumba yake. Mfalme alitoa miti, Nehemia alitoa shauri na moyo. Lakini mawe yaliwekwa na wenyeji wenyewe. Wakuu wa Tekoa peke yao ndio walioona kazi kuwa aibu, na aibu yao imebaki kitabuni hata leo.

Mtu aliyebomolewa nyumba hakubomolewa akili. Jana alikuwa mkulima, seremala, mvuvi, mama mwenye kulea watoto saba. Tufani haikumgeuza kuwa mtoto mchanga. Barabara ya kwenda Beira ilipokatwa na maji, msaada wa kwanza haukutoka ng'ambo. Ulitoka kwa jirani. Ndivyo ilivyo katika kila tufani: aliye karibu ndiye amtoaye mwenzake katika maji, ndiye amgawiaye nusu ya chumba na nusu ya sufuria. Wageni huja baadaye. Basi wakija, waje kama Asafu, wakileta miti. Wasije kama mabwana wa kazi.

Jambo hili lina maana hata katika mambo madogo. Kama mbao na misumari vyaweza kununuliwa katika soko la kule, vinunuliwe kule, ili mwenye duka naye asimame. Kama mafundi wako, waajiriwe wao, ili ujira uingie katika nyumba zao. Kama kuna maarifa mapya, wafundishwe. Upepo wa tufani haulisukumi paa tu, hulinyanyua toka chini. Kwa hiyo paa halishikwi na uzito wa mawe yaliyowekwa juu yake, ila kwa kufungwa imara: bati lishikwe na mapao, mapao yashikwe na kuta na nguzo kwa mikanda ya chuma, na nguzo zishike msingi. Fundi mmoja aliyejifunza hayo atawasaidia majirani zake miaka mingi baada ya wageni kurudi makwao. Lakini nyumba iliyoletwa tayari kutoka mbali, ikivunjika, ni nani ajuaye kuitengeneza?

Na tusiwasahau binti za Shalumu. Mara nyingi orodha za msaada huandikwa kwa majina ya waume. Mjane hana wa kumwandikisha. Bikizee hana nguvu za kusimama mstarini tangu alfajiri. Usharika unaojua jina la kila mjane wake una kazi ambayo hakuna mgeni awezaye kuifanya.

III. Asile mtu anguko la ndugu yake

Ukuta ulipofika nusu, palitokea kilio. Hakikutoka kwa adui, kilitoka ndani. Sura ya tano yasimulia jinsi maskini walivyomlalamikia Nehemia: wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, wengine wameona binti zao wakitiwa utumwani. Na wakopeshaji walikuwa nani? Ndugu zao Wayahudi, huenda watu waliobeba mawe pamoja nao mchana! Nehemia akakasirika sana. Akawakusanya wakuu mbele ya mkutano mkubwa, akawataka warudishe mashamba na nyumba pamoja na riba. Naye mwenyewe hakula posho ya liwali, wala hakujinunulia shamba katika siku zile ambazo mashamba yalikuwa rahisi.

Ndugu zangu, baada ya upepo huja mwenye kununua kwa bei ya machozi. Huja mwenye bati la kuuza kwa bei mara tatu. Huja mwenye kushika orodha ya chakula. Mwezi wa Aprili 2019 shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba wanawake katika Msumbiji walieleza jinsi baadhi ya wakubwa wa mitaa, waliokabidhiwa kugawa msaada, walivyotaka fedha, na wengine walivyowataka miili yao, kabla ya kuwapa chakula cha watoto wao. Chakula kile kilikuwa kimetolewa na watu wenye huruma. Kikafika mikononi mwa mtu mmoja mbaya, kikageuka kuwa mtego. Kwa hiyo kutoa sadaka bila kuangalia inagawiwaje hakutoshi. Hesabu isomwe wazi. Wagawaji wasiwe mtu mmoja, tena wawemo wanawake. Mwenye kuonewa apate mahali pa kusema bila hofu, nasi tumsikilize kama Nehemia alivyosikiliza.

Na deni je? Mwezi ule ule wa Aprili 2019 Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa Msumbiji mkopo wa dola milioni 118 hivi kwa ajili ya hasara ya Idai. Mkopo ule haukuwa na riba, na hilo ni jema. Hata hivyo ulikuwa mkopo: nchi iliyobomolewa ilipaswa kukopa ili isimame. Wazee wetu wa imani waliliwaza jambo hili zamani. Katika utaratibu wa kanisa la Wittenberg wa mwaka 1522 iliamriwa kwamba mafundi maskini wakopeshwe fedha kutoka sanduku la pamoja bila riba, na asiyeweza kabisa kulipa aachiliwe kwa ajili ya Mungu. Hivyo sanduku la kanisa lilisaidia mtu ashike tena vyombo vyake vya kazi, wala halikumfunga kamba nyingine shingoni.

Historia ya pwani yetu yatuonya pia. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja. Merikebu zilivunjika bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'olewa. Pemba haikuumizwa sana. Mashamba yakapandwa upya, na mikarafuu ya Pemba ikazidi kupata sifa. Mtu atazamaye miti atasema: nchi imepona. Lakini ni nani waliochimba mashimo na kumwagilia miche? Wengi walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini sheria ya utumwa katika visiwa vile haikufutwa mpaka mwaka 1897. Miti ilisimama miaka mingi kabla ya watu waliyoipanda kusimama. Basi nchi haijapona kwa sababu biashara yake imepona. Mungu huhesabu watu kwanza, miti baadaye.

IV. Siku 52 na miaka 12

Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52 (Nehemia 6:15). Ni ajabu kubwa, na watu walishangilia. Lakini someni mbele kidogo, sura ya 7, mstari wa 4. Tunaambiwa ya kuwa mji ulikuwa mpana na mkubwa, bali watu ndani yake ni wachache, na nyumba hazijajengwa. Ukuta umekwisha, nyumba bado! Nehemia hakurudi Shushani na kumwambia mfalme kwamba kazi imetimia. Alikaa katika uliwali wake miaka 12.

Jambo hili limeonekana hata katika nchi tajiri kuliko zote. Tarehe 29 Agosti 2005 tufani ya Katrina iliupiga mji wa New Orleans katika Marekani. Kuta za kuzuia maji zikabomoka, na sehemu kubwa sana ya mji ikazama. Wahandisi wa jeshi la nchi ile wakajenga kuta mpya na malango ya maji yenye nguvu, kwa gharama ya dola zaidi ya bilioni 14. Kuta zikasimama. Lakini hesabu ya watu, iliyokuwa zaidi ya 484,000 mwaka 2000, ilikuwa chini ya 344,000 mwaka 2010. Maelfu ya maskini, na hasa watu weusi, walitawanyika mbali wasipate njia ya kurudi. Mji mpana, watu wachache: ndiyo aya ile ile ya Nehemia, imeandikwa tena kwa maji.

Na Beira? Watu wengi waliopoteza nyumba zao kandokando ya mto Buzi walihamishiwa mahali pa juu zaidi, wakakaa katika mahema wakianza kujenga. Tarehe 23 Januari 2021, kabla ya miaka miwili kutimia, tufani ya Eloise ikaingia karibu na mahali pale pale, na wengi waliokuwa wamebomolewa na Idai wakabomolewa mara ya pili. Wakati ule magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kuwasahau. Huu ndio wakati ambao imani ya mtu hujaribiwa kuliko siku ya upepo wenyewe. Maana siku ya upepo watu wote hulia pamoja nawe, bali mwaka wa pili unalia peke yako.

Neno kwa sharika zetu

Basi tufanyeje? Nasema maneno manne tu. Kwanza, msipeleke kitu kabla ya kuuliza; wako wachungaji na wazee wa Kanisa kule, waandikieni. Pili, sadaka mkusanyayo kwa ajili ya watu wa tufani igawanyeni mara mbili: sehemu moja iende sasa, na sehemu ya pili iwekwe sandukuni mpaka mwaka wa pili, itumike kwa mbegu, kwa mabati, kwa ada ya watoto. Tatu, mwenye kumdai jirani aliyepatwa na msiba, afanye kama Nehemia alivyowataka wakuu: arudishe rehani kabla hajaombwa. Nne, endeleeni kuwataja katika maombi ya kila Jumapili, hata watoto wakiuliza, Hao ni nani? Hapo mtapata nafasi ya kuwaeleza.

Najua wako wasomaji watakaosema: sisi tu maskini, tutawezaje? Binti za Shalumu hawakuwa na barua ya mfalme, wala msitu wa Asafu. Walikuwa na mikono yao, na kipande cha ukuta kilichokuwa mbele yao. Mungu hakuwataka wajenge ukuta wote. Naye Bwana wetu Yesu Kristo, aliyekuwa seremala kabla ya kuhubiri, ajua thamani ya jiwe moja lililowekwa sawasawa. Maana yeye mwenyewe ndiye jiwe la pembeni, alilokataliwa na waashi, nasi sote twajengwa juu yake.

Tuombe: Ee Bwana, uliyeikemea bahari nayo ikatulia, uwahurumie wote waliobomolewa nyumba zao. Uwape waliofiwa faraja yako, wakulima mbegu kwa wakati wake, na wagawaji mikono safi. Utuondolee huruma ya umande, utupe moyo udumuo kama wa mtumishi wako Nehemia. Tusichoke mpaka kila mlango ufungwe jioni na mwenye nyumba yake, na watoto wake wawe ndani. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amin.